Jiwe Ulilolichonga Lusail

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 16 Novemba 2018

Ndugu yangu Harun,

Naandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, maana chumba hiki hakina meza. Tulihama Muaither mwezi wa tano. Mwenye nyumba aliambiwa apunguze watu, nasi tukawa wa kupunguzwa. Kitanda chako cha chini kule Muaither, karibu na dirisha, kilikaa wazi muda mrefu. Hakuna aliyetaka kukihamia na hakuna aliyesema kwa nini. Mwishowe kampuni ikaleta mtu mpya kutoka Kisii, akatupa begi lake pale bila kuuliza. Tumehama naye. Anakoroma kukushinda.

Sulaiti ameondoka kwenye zile teksi. Siku hizi anaendesha basi la wafanyakazi kule Lusail. Bado anakuita Rabi. Juzi alipitia hapa kunisalimu, akasimama dirishani akiangalia kituo cha treni ya chini wanachokimaliza, akasema, "Rabi angekuwepo angetuambia shimo hili lilichimbwa na kabila la Dani." Tukacheka sana. Kisha akasema anachelewa, ingawa hakuwa anachelewa.

Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima. Shajara yangu naendelea nayo, tarehe juu, mambo chini, kama ulivyozoea kunicheka na kuniita Katibu. Ila jambo hili limekataa kukaa mle. Nimeliandika mara kadhaa na kila mara nikifunga kitabu naona bado sijamwambia anayehusika. Anayehusika ni wewe.

Harun, kule kwenu wanasema uligundua jiwe la Amri Kumi jangwani.

Nitaanzia mwanzo. Najua mengine unayajua kuliko mimi, lakini siku hizi naulizwa jambo hili na kila mtu na nimezoea kulianzia mwanzo, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka ulivyoanza. Tulikuwa wapya hapa, simu zetu zilikuwa za vitufe, na kila Ijumaa ulikuwa unanivuta twende kwenye chumba cha intaneti nyuma ya duka la Wamalayali, wale Wahindi wa Kerala. Mimi nilikuwa naandikia watu wangu barua pepe, wewe ulikuwa unatafuta Israeli. Siku moja ukanigeuza kiti kwa nguvu. "Katibu, tazama. Tazama hapa!" Ilikuwa picha ya jabali kubwa kwenye mteremko wa kilima, jangwani, huko New Mexico, Marekani, limechorwa mistari ya herufi za ajabu. Ukaniambia hizo ni Amri Kumi kwa Kiebrania cha kale, na kwamba kabla ya mzungu yeyote kufika kule, watu wa Israeli walikuwa wameshafika, wakaacha mwandiko. Ulichapisha picha ile. Yule Mmalayali alikutoza ya rangi na ulilipa bila kubishana, jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya tena.

Baada ya hapo yakafuata mengine. Kile kijiwe cha Tennessee kilichofukuliwa kwenye kilima cha makaburi. Yale mawe ya Ohio. Ulikuwa unayajua kama mtu anavyojua ng'ombe wa baba yake. Ukaanza kufundisha ushirika wetu wa Ijumaa, watu wamekaa juu ya vitanda, viatu mlangoni, wengine bado wamevaa sare. Nakumbuka hoja yako ilivyokuwa. Makabila kumi yalichukuliwa utumwani na hayakurudi. Yalikwenda wapi? Watu hawapotei kama sindano. Walitawanyika dunia nzima, na kila walikofika waliacha alama, na Mungu anawajua mmoja mmoja hata kama wao wamejisahau.

Sulaiti, Mwislamu wa watu, alikuwa anasikiliza kutoka kitanda cha juu akila njugu. "Wewe Rabi," alisema, "Wayahudi hata kwetu Mbale wako. Wanalima kahawa. Hawakuchora mawe, walijenga tu ka-sinagogi kao wakatulia. Hao wako wa Amerika walikuwa na nini, walikosa karatasi?" Chumba kizima kilianguka kwa kicheko na wewe ukacheka nacho, kisha ukaendelea na somo.

Mimi sikucheka sana siku ile. Nilikuwa nakutazama ulipofika kwenye hayo maneno ya mwisho, ya watu waliojisahau lakini Mungu anawajua. Sauti yako ilibadilika. Ulikuwa hujaenda nyumbani muda mrefu wakati ule, mkataba ulikuwa umeongezwa bila wewe kuulizwa, na mtoto wako wa pili ulikuwa unamjua kwa picha. Nikaelewa kwamba mawe yale hayakuwa habari ya Amerika. Ndiyo maana sikukupinga mapema. Kukupinga ningeweza. Sikutaka.

Lakini sisi ni masoja, walinzi wa mageti, Harun, na usoja unaingia mwilini. Tulifundishwa nini siku ya kwanza? Ukiokota kitu, usikisogeze. Andika kitabuni kimeokotwa wapi, na nani, saa ngapi, mbele ya nani, na kando yake palikuwa na nini. Kitu kisicho na maandishi hayo ni takataka hata kama ni dhahabu. Basi kila uliponisomea habari za mawe yako nilikuwa nauliza maswali ya getini. Nani alikuwepo jabali lilipoonekana? Hakuna anayejua, wala lini lilichorwa. Je, uzee wa mikwaruzo haupimiki? Haupimiki vizuri, wageni wamezisafisha zile herufi kwa brashi miaka na miaka. Yale ya Ohio? Aliyeyaokota ni mtu yule yule, na la pili lilijitokeza baada ya watu kulikosoa la kwanza. Kile kijiwe cha Tennessee? Kwanza waliochimba walidhani ni mwandiko wa wenyeji wa pale. Baadaye mwingine akakigeuza juu chini akasoma Kiebrania. Baadaye tena wengine wakaonyesha kwamba herufi zake zinafanana mno na mchoro uliokuwa kwenye kitabu kilichochapishwa huko huko Marekani kabla jiwe halijafukuliwa.

Ulinikasirikia. "Katibu, wewe ukifika mbinguni utamwuliza Petro kitambulisho."

"Na yeye ataniuliza changu," nikasema, "kwa hiyo tutaelewana."

Kilichokugusa hasa, nadhani, hakikuwa maswali yangu. Kilikuwa lile somo ulilolisoma mwenyewe kwenye simu yako ya kwanza ya kioo, tukiwa tunasubiri basi. Kwamba zamani wazungu wengi wa kule walipoona vilima vikubwa vya udongo vilivyojengwa kwa ustadi, hawakutaka kuamini vilijengwa na babu za wenyeji waliokuwa wanawafukuza mashambani mwao. Wakatafuta wajenzi wengine popote, na Waisraeli waliopotea wakawa miongoni mwao. Ulinisomea kwa sauti, ukasita, ukasema, "Kama walivyosema kuhusu magofu ya Zimbabwe." Kisha ukatazama minara ya Lusail iliyokuwa inapanda ng'ambo ya barabara, Wanepali wamening'inia kama nguo zilizoanikwa. Ukasema, "Siku moja watasema hii ilijengwa na majini." Basi likaja.

Ndipo ukaomba uhamishiwe ile karakana ya mawe kule Lusail, wanakokata marumaru ya minara. Wenzetu walikuona mwehu, kuacha lobi yenye kiyoyozi ukalinde vumbi la marumaru. Mimi peke yangu nilijua unataka nini. "Nataka mkono wangu uniambie," ulisema. "Macho yangu yamekwisha kusema, na wewe umekwisha kusema. Bado mkono."

Bahadur, yule Mnepali wa msumeno, alikuchagulia kipande cha jiwe la chokaa kilichokatika vibaya, ukubwa wa Biblia ya mimbarini. Alikuazima patasi, akakufundisha kuishika. Ulikuwa unamwita Dai, kaka, kwa lugha yake, na yeye alikuita Kenya. "Kenya, slow, slow," ndiyo yote aliyokuwa anasema. Ijumaa mlizokuwa mnapumzika nilikuja nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikakushikia ile picha yako ya rangi, imeshachakaa kwenye mikunjo, nawe ukachonga mistari mitatu ya kwanza. Vidole vilipasuka. Herufi ya kwanza iliharibika ukaikwangua ukaanza upya, na pale ulipokwangua pakabaki bonde dogo kama la kidole gumba. Nakumbuka bonde hilo. Nakumbuka ulivyokuwa unapuliza vumbi kisha unapitisha kidole taratibu, kama kipofu.

Siku ulipomaliza hukufurahi. Uliliegemeza ukutani, ukanawa mikono kwenye maji meupe ya msumeno, ukaniambia, "Katibu, mtu yeyote anaweza. Soja anaweza." Ukasema tena, "Sasa nimewaambia nini watu wa nyumbani miaka yote hii?"

Hilo ndilo lililokula nafsi yako mwaka wa mwisho. Hakuna aliyejua ila sisi. Kanisa lenu kule lilikuwa linasubiri somo lako la sauti kila wiki, mchungaji akiliweka kwenye spika, wamama wakiitikia amina. Nikakuambia uwaeleze. Ukasema, "Hili si la simu. Desemba nikienda likizo nitalibeba hili jiwe, niliweke mezani mbele yao, wanione na mikono yangu. Niwaambie, mnaona? Hili nimelichonga mimi. Basi msinijengee imani juu ya mawe. Mungu hanihitaji mimi nimtafutie risiti." Hata mkeo, Mama Yona, hukumwambia. Ulisema akijua mapema atakuuliza kila siku na utashindwa kuvumilia. Ukaliacha jiwe nje, nyuma ya karakana, kwenye jua na kwenye mfereji wa tope la msumeno, na lilipopigwa na joto la kiangazi kizima likawa la kahawia, limeparara, limemomonyoka pembeni. Ulipolileta chumbani kulifunga, Sulaiti alishtuka. "Hii kitu ina miaka elfu."

Likizo ya Desemba haikutoka. Wakasema Machi. Na wewe ukaenda Februari, umelala, asubuhi kengele ya simu yako ikilia na mkono wako hauizimi. Niliizima mimi. Sitaandika zaidi hapo.

Mwili ulitangulia. Vitu vyako tulivifunga siku iliyofuata, mlango wazi, wote tukiwepo, kama tunavyofanya mtu akifa ili asije mwenye kusema kitu kimepotea. Jiwe nilisema liende. Sulaiti akalinyanyua akaguna, "Kilo zote hizi! Kwani kwao hakuna mawe?" Nikasema ni lake, alilitolea jasho, liende. Nikalifunga ndani ya sweta lako la kazi, katikati ya nguo, lisivunjike. Hakuna aliyefikiri kwamba jiwe linahitaji maelezo.

Mzigo ulifika kabla ya mazishi. Na wewe unajua desturi ya ukoo wenu, uliwahi kunieleza: mtu akifia mbali, sanduku lake hufunguliwa uani, mbele ya ukoo na kanisa, kitu kimoja kimoja kinanyanyuliwa juu, ili mjane asije akashukiwa kuficha. Nilitazama kwa simu. Mwanao Yona ndiye aliyeshika simu kule, picha inatetemeka. Wakanyanyua viatu. Wakanyanyua redio. Wakanyanyua sweta, likawa zito, wakalifunua.

Harun, jiwe likatokea juani, herufi juu. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele.

Nimewaza sana kosa lao na siwezi kuwalaumu. Miaka yote waliisikia sauti yako ikitoka jangwani ikiwaambia kuna jiwe jangwani. Marekani uliitaja, lakini uliitaja zamani, na wengine waliingia somo likiwa katikati. Wao jangwa wanalolijua ni moja tu, lile alikokwenda Harun. Na sasa Harun amerudi amelala na jiwe limerudi naye, limezeeka, lina zile herufi alizozisimulia. Ungekuwa wewe uani pale ungewaza nini? Mchungaji alipiga magoti. Alisema, "Ndugu yetu alilipata na hakutuambia, maana alijua Waarabu wangemnyang'anya. Amelipitisha kwa kifo chake." Watu wakalia. Na mimi nikalia, huku, nikiwa nimevaa sare, nimechelewa zamu, na sikujua nalia kwa lipi kati ya mambo hayo.

Nilidhani matanga yakiisha na jambo litaisha. Halikuisha. Jiwe likawekwa kanisani juu ya kitambaa cheupe. Watu wakaanza kuja kutoka makanisa mengine. Wakawa wanalimwagia maji, wanayakinga, wanawapa wagonjwa wanywe. Mwezi wa nane mchungaji akatangaza kwamba kwenye jengo jipya jiwe litajengewa ukutani, nyuma ya mimbari, na jina lako chini yake kama mvumbuzi. Mama Yona akapewa kiti cha mbele. Wale ndugu zako waliokuwa wanalitaka shamba lake wakaacha, maana nani atamgusa mke wa mtu kama huyo?

Ndipo mchungaji akanipigia. Alitaka ujumbe wa sauti kutoka kwangu, mimi niliyelala nawe chumba kimoja, wa kuchezwa siku ya kuweka jiwe. Niseme tu kwamba nilikuwepo ulipolitoa mchangani. "Maneno machache, ndugu Josphat. Wewe ni shahidi."

Nilimwomba siku kadhaa. Nilikuwa kwenye geti la jengo moja refu, watu wanapita na mimi nawaza. Nikisema uongo, shemeji yangu anakaa kiti cha mbele na watoto wanakaa shambani kwa amani. Nikisema kweli, watasema nini? Hawatasema kwamba kanisa lilikosea. Watasema Harun alituletea jiwe la bandia. Wewe, uliyelichonga ili uwaondoe kwenye kosa, ndiye utakayeitwa mwongo. Na nikinyamaza, basi utakuwa mwongo kweli, mwongo wa jiwe, mpaka ukuta ule uanguke, na wewe huna mdomo wa kukataa. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Nikarekodi. Nilisema yote kwa mpangilio: kipande kilikotoka, patasi ya nani, picha ipi, nani aliishika, kwa nini ulichonga, ulitaka kuwaambia nini Desemba. Nikamtumia Mama Yona kwanza, yeye peke yake. Nikamwandikia, "Shemeji, hii ni kweli yote. Sijaipeleka kwa mchungaji. Anayeishi nao ni wewe. Ukisema nisiipeleke, nitaizika, na sitakudharau."

Hakujibu. Niliona ameisikiliza. Wiki nzima kila simu ikilia naikimbilia. Siku aliyojibu alipiga mwenyewe, nikasikia kuku nyuma yake. Hakunisalimu.

"Lile bonde dogo pale juu kulia," aliniuliza, "ni nini?"

Nikamweleza. Herufi ya kwanza iliharibika, akaikwangua.

"Nilijua," akasema. "Wengine wanasema ni kidole cha malaika. Mimi kila nikiliosha nasema huyu ni Harun, Harun ndiye hukwangua vitu hivi, hata mlango wa jikoni aliukwangua hivi." Akalia kidogo, si sana. "Shemeji, mume wangu alikuwa mbishi na alikuwa hajui kuimba, lakini hakuwa mwongo. Mpelekee mchungaji."

Nikampelekea. Akanipigia siku hiyo hiyo, sauti imeshuka. Hakuwa mkali, na ingekuwa afadhali angekuwa. "Ndugu Josphat, unajua ni watu wangapi wamerudi kwa Mungu kwa ajili ya jiwe hili?"

Nikasema, "Mchungaji, mimi ni soja. Nikiulizwa nani aliingia na mzigo, namtaja aliyeingia."

"Hakuna aliyekuuliza hilo," akasema. "Uliombwa maneno machache." Akakata.

Siku ya jiwe hakuicheza sauti yangu. Alisema shahidi wa Doha amekosa mtandao. Basi ulipofika wakati wa shuhuda Mama Yona akasimama kutoka kile kiti cha mbele. Yona ameniambia, nami naandika alivyoniambia. Hakwenda kwenye maikrofoni. Alisema pale pale alipo, "Hili jiwe amelichonga mume wangu kwa mikono yake, kazini kwake, na alitaka kuja kuwaambia msiliamini jiwe. Hakuwahi. Nimemsemea." Akakaa.

Ningependa kukuandikia kwamba walielewa. Wachache walielewa. Wengine walisema ni huzuni, mjane hajapona. Wengine wakasema ni mimi niliyemtia maneno, nimesilimu huku na nimetumwa. Sulaiti aliposikia hilo alicheka mpaka akakohoa: "Umesilimu lini bila kuniambia? Ningekununulia kanzu!" Mzee mmoja akauliza, kama kuna aliyekuwepo likichongwa, picha ziko wapi. Mchungaji akasimama, akasema Neno ni Neno hata likichongwa na nani, na fundi alikuwa ameshaacha nafasi ukutani, simenti imeshachanganywa. Wakaliweka. Jina lako liko chini. Neno mvumbuzi wameliondoa, hawakuweka lingine.

Kiti cha mbele kimempata mwingine. Mama Yona sasa anasali kwenye kanisa lile la barabarani, la mabati, anasema pale wanamaliza mapema. Mashemeji zake wamerudi na maneno ya shamba, lakini Yona amekuwa mtu mzima na hati iko kwa jina lako na la mama yake, hawatafika mbali. Nilimwuliza Mama Yona kama anajuta. Akasema, "Nimechoka, shemeji. Ila sasa nikimkumbuka namkumbuka yeye, simkumbuki yule wa ukutani."

Ndivyo mambo yalivyo. Na sasa jiwe lako nalo lina ubishi wake, kama yale ya Amerika. Wako wanaosema la kale, wako wanaosema la juzi, na kila upande una mtu aliyeambiwa na mtu. Kuna video inazunguka, uso wako na jiwe, eti jiwe la Musa limeonekana Arabuni. Sauti yangu nayo inazunguka, sijui nani aliitoa, lakini polepole, maana ni ndefu na haina muziki. Wananitafuta. Mmoja ni mwalimu, mwingine alikuwa mhubiri kutoka Bungoma, mwingine ni mtu tu aliyeota ndoto. Wananipigia nikiwa zamu, nikiwa usingizini, nikiwa kwenye foleni ya kuoga. Wanaanza kwa upole na wanamaliza kwa kunirekebisha.

Harun, nilikuwa siamini mawe yako ukiwa hai, na hukuacha kunipikia ugali kila zamu yangu ilipochelewa. Nataka ujue kwamba kwenye jambo hili sikushinda. Hakuna kitu nilichoshinda. Ningetoa maswali yangu yote ya getini ufike Desemba ile, uliweke mwenyewe mezani, useme mwenyewe, ukosewe adabu mwenyewe, kisha ucheke.

Lala, ndugu yangu. Huna tena zamu. Ukuta ule si wako na jina lile chini yake si lako lote. Lako ni lile tunalolijua sisi tuliokuwa tunagombania nawe kiyoyozi. Nakuahidi hivi: kila atakayenipigia nitampokea, na nitamweleza vile vile, Lusail, karakana, patasi ya Bahadur, mikono yako, sababu yako. Sitaongeza na sitapunguza. Nitawajibu mpaka wachoke wao au nichoke mimi, na mimi nimeshachoka tayari, kwa hiyo hawana la kunifanya.

Katibu wako,
Josphat